Mwaminifu haogopi daftari

Ukikaa kwenye vikao vya kanisa muda wa kutosha, utalisikia neno hili likisemwa kwa upole kila hoja ya fedha inapofika mezani: "Wapendwa, sisi ni watu wa Mungu, tunaaminiana." Mwenyekiti anaita ajenda inayofuata. Aliyenyosha mkono kuuliza risiti za saruji ziko wapi anaushusha, maana akiendelea ataonekana mtu wa shari, asiye na imani, pengine hata mwenye chuki na mtumishi.

Nalipenda kanisa, na kamati zake nimezikalia. Ndiyo maana neno hilo linaniuma. Kwa jinsi ninavyoisoma Biblia, Mkristo mwaminifu ni yule anayeomba kuhesabiwa kabla hajaambiwa, na pale tunapomzuia mwenzetu asihesabiwe kwa kisingizio cha upendo, tunamwacha peke yake na jaribu ambalo hata malaika wasingependa kulibeba.

Mahubiri yetu kuhusu uaminifu mara nyingi huenda kwenye ndoa, au kwenye kudumu katika sala, na ni sawa, kwa kuwa Paulo ameutaja miongoni mwa matunda ya Roho pamoja na upendo, furaha na amani. Lakini Yesu mwenyewe, alipotaka kuonyesha mtu mwaminifu anavyopimwa, alizungumza habari za mali. Luka 16:10 kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua: aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Mstari unaofuata hatuusomi sana. Hapo Bwana anauliza: kama hamkuwa waaminifu katika mali ya udhalimu, ni nani atakayewapa amana mali ya kweli? Kwa hiyo senti za kapu la sadaka hazitoshi kuitwa mambo ya kamati ya fedha peke yake. Bwana amezifanya kipimo cha kama mtu anaweza kukabidhiwa roho za watu.

Wanaopinga ukaguzi nao wana mstari wao. Nimewahi kuusikia ukisomwa kikaoni kwa sauti ya ushindi: 2 Wafalme 12:15. Pale tunaambiwa kwamba watu waliopewa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakufanyiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. "Mnaona?" akasema msomaji. "Waaminifu hawadaiwi hesabu."

Fungua sura hiyo tangu juu. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuzitengeneza sehemu za nyumba ya Bwana zilizobomoka. Alikabidhi kazi, akaamini. Mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa bado yapo. Biblia haisemi makuhani waliiba. Inasema tu kwamba fedha zilikuwa zinapokelewa na nyumba haikutengenezwa. Hapo mfalme akawaita, akawauliza, akawazuia wasiendelee kupokea. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Makuhani walinzi wa mlango ndio waliotia humo fedha zote zilizoletwa. Fedha zikiwa nyingi, karani wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wawili, wakazihesabu, wakazifunga mifukoni, zikaenda kwa wasimamizi, na kutoka kwao zikawafikia maseremala, waashi na wakata mawe.

Kwa hiyo kabla hujafika kwenye mstari ule wa 15, umeshapita kwenye kasha lenye tundu, lililowekwa mahali pa wazi, na kwenye watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mmoja wa ikulu na mmoja wa hekalu, wanaohesabu pamoja. Wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu mwishoni, nadhani pia kwa kuwa kuta zilikuwa zinapanda na kila mtu anaziona. Kuung'oa mstari mmoja kutoka humo ili uushushe mkono wa anayeuliza ni kuyaonea Maandiko.

Ninaloliandika hapa nimeliona kwa macho. Kuna usharika mmoja, sitautaja, ambao waumini wake walichanga kwa miaka kujenga kanisa jipya. Wakulima waliuza kahawa, kina mama walitoa faida ya kikoba, vijana walibeba mawe kwa mabega. Kuta zilifika kwenye lenta. Fedha za mabati zilitangazwa kuwa zimetimia, watu wakapiga vigelegele, na baada ya hapo mabati hayakuonekana. Waliouliza waliambiwa wasimwaibishe mtumishi. Fundi mwashi aliyekuwa akidai malipo yake ya mwisho ni jirani Mwislamu, mtu mstaarabu sana. Alikuja mara kadhaa, akapewa maneno. Siku moja nilimsikia akisema pale dukani, bila hasira: "Mimi nilidhani pale ndipo mtu angelipwa kwanza." Nimesikiliza mahubiri mengi kuhusu ushuhuda wetu kwa majirani, na hakuna lililonikaa kama sentensi ile ya fundi.

Kilichofuata hakikuwa kelele. Waumini hawakuandamana wala kuhama kwa mkupuo. Walipunguza tu. Bahasha ikawa nyepesi. Aliyekuwa akileta mkungu wa ndizi akaleta chane mbili. Mzee wa kanisa alisimama mbele akalalamika kwamba watu wamepoa kiroho. Mimi sidhani walipoa. Walitoa kwa Mungu, wakamtafuta mtu wa kuwaambia kilikwenda wapi walichotoa, wakamkosa.

Anayetaka kuona jinsi imani kubwa na hesabu kali vinavyokaa kwa mtu mmoja amsome Ezra, sura ya 8. Ezra anawaongoza watu kutoka Babeli kurudi Yerusalemu, safari ya miezi minne, kwenye njia yenye adui na wavizia njia. Angeweza kumwomba mfalme Artashasta askari na wapanda farasi. Aliona haya, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko pamoja na wote wamtafutao. Akatangaza kufunga pale penye mto Ahava, wakaomba, wakaondoka bila mlinzi hata mmoja. Hiyo ni imani ambayo wengi wetu hatunayo. Wengi wetu tungeomba, na askari tungewachukua pia.

Na huyo huyo Ezra, kabla hawajaondoka, aliwatenga wakuu 12 wa makuhani, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo, moja baada ya jingine: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli 20 ya dhahabu. Talanta moja ilikaribia kilo 30, hivyo fedha peke yake ilikuwa karibu tani 20. Aliwaambia, ninyi ni watakatifu kwa Bwana na vyombo hivi ni vitakatifu, vilindeni mpaka mtakapovipima mbele ya wakuu kule Yerusalemu. Walipofika, siku ya nne, vyote vilipimwa tena katika nyumba ya Mungu mbele ya watu wanne waliotajwa kwa majina: makuhani Meremothi na Eleazari, na Walawi Yozabadi na Noadia. Na uzani ukaandikwa wakati ule ule.

Natamani wahazini wetu wote waisome sura hiyo kabla ya kusimikwa. Ezra aliwaita wale watu watakatifu, na katika pumzi ile ile akawapimia. Hakuona mgongano wowote. Hakuna kuhani aliyenuna akisema, "Kwani huniamini?" Ezra alimwachia Mungu njia, wanyang'anyi, jua na kiu. Mizani aliishika mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo Mungu alimwachia mwanadamu.

Paulo naye alifanya vivyo hivyo. Alipokusanya michango ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, michango iliyotoka hata kwa Wamakedonia waliokuwa hoi kwa umaskini, hakujifungia mfuko kiunoni akaondoka nao. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kuipeleka. Akamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu juu ya karama ile. Anasema waziwazi kwamba anafikiria yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Huyu ni mtume aliyepigwa mawe na kufungwa kwa ajili ya Injili. Kama kuna mtu angeweza kusema "Mungu anaujua moyo wangu" na kuishia hapo, ni yeye.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya kuwakamata wezi. Wezi wapo, nao watakamatwa au hawatakamatwa. Ninayemfikiria zaidi ni mtu mwema.

Siku hizi sadaka nyingi hupita kwenye simu. Tangazo linasomwa: asiyeweza kufika atume kwa namba ifuatayo. Mara nyingi namba hiyo ni ya mtu binafsi, mhazini au mzee fulani, kwa sababu usharika haujafuatilia lipa namba yake wenyewe. Basi fedha za jengo, fedha za msiba na mshahara wa mhazini vinakaa kwenye salio moja. Mhazini huyo ni mwalimu, tuseme, na mshahara umechelewa. Usiku mtoto anapata homa kali, anahitaji dawa. Anafungua simu, anaona pale kuna laki nane. Anachukua elfu arobaini, akijiambia mwisho wa mwezi nitarudisha. Na mwezi wa kwanza anarudisha kweli. Mwezi wa pili ada inafika. Hajawahi kukusudia kuiba, na ukimwita mwizi atalia machozi ya kweli. Lakini ipo siku atagundua kwamba deni lake kwa nyumba ya Mungu limezidi mshahara wa miezi mitatu, na ndipo ataanza kuogopa vikao, kukwepa macho ya mchungaji, na mwishowe kuacha hata kuja ibadani.

Ni sisi tuliomweka hapo. Kila Jumapili tunasali kwa pamoja "usitutie majaribuni", tukamaliza, tukampa mwenzetu jaribu alale nalo chini ya mto. Kumwekea mtu wa pili wa kuhesabu naye, na daftari la kuandikia, ni kumpenda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walijua kwamba kwanza hupotea mali, kisha hupotea mtu.

Kina mama wa vikoba wamelielewa hili kuliko kamati zetu nyingi. Kwenye vikundi vingi sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hakuna mmoja wao anayeliweka sanduku nyumbani kwake. Linafunguliwa mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mwanachama anasikia na kukariri kiasi kilichobaki, na wiki inayofuata kabla ya lolote wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Nimewahi kuhudhuria kama mgeni. Hakuna aliyeonekana kutukanwa na kufuli. Walikuwa wakicheka na kutaniana huku wakihesabu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Nilipokuwa nakua, mtaa wetu wa kanisa kule mlimani Kilimanjaro ulikuwa na mhazini mama muuza maziwa. Baada ya ibada alikaa kwenye meza ya sakristia, akamwaga sadaka juu ya kitambaa, akaanza kupanga sarafu za shilingi 10, 20 na 50 katika vifungu. Noti zilizokunjwa kunjwa hadi zikawa ndogo kama kibiriti alizifungua kwa kidole gumba, akazinyosha kwa kiganja. Akimaliza, hakuandika. Alimwita mtoto yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi mmoja wetu wa kwaya ya watoto, akasema, "Hesabu na wewe, mwanangu. Sitaki niwe peke yangu na hela ya Mungu." Mzee wa zamu alikuwa amekaa pale pale na angetosha kuwa shahidi. Yeye alitaka na mtoto. Tukihesabu tukakosea, alitusubiri turudie. Ndipo akaandika, mzee akatia sahihi, na mtoto naye akaandika jina lake kwa penseli. Nadhani nilijifunza uaminifu pale zaidi ya mahali pengine popote, na sikumbuki kama aliwahi kutufundisha neno.

Kuna upande wa pili ambao hatuusemi, nao ni wa sisi tunaotoa. Kwenye makanisa yetu mengi ya Kilutheri, sadaka za mazao na mifugo hunadiwa nje baada ya ibada. Mnadishaji anainua jogoo, watu wanapandisha bei huku wakicheka, na anayeshinda anaondoka na jogoo wake akisema, "Nitatuma kwa simu." Jogoo anachinjwa jioni ile ile, na hela haiji. Vivyo hivyo na kadi za ahadi ya jengo. Mtu ametamka kiasi mbele ya kusanyiko, amepigiwa makofi, kisha anageuza uso mhazini anapopita. Mhubiri katika kitabu chake, sura ya 5, anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Anayedai risiti za saruji wakati ana deni la jogoo la tangu Pasaka ana haki ya kuuliza, ila aulize akiwa amelipa.

Naijua hoja itakayoletwa. Watasema uaminifu ni wa moyo, na daftari haliwezi kuutengeneza moyo. Ni kweli. Yuda ndiye aliyeshika mfuko, na Yohana anasema alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Alikuwa karibu na Yesu kuliko mtu yeyote wa leo atakavyowahi kuwa, na moyo wake haukugeuka. Lakini tazama Yohana 13:29. Usiku ule wa mwisho Yuda alipotoka, wenzake walidhani Yesu amemtuma kununua vitu vya sikukuu au kuwapa maskini kitu. Hata dakika ile hawakumshuku. Sasa tunaosema tunaweza kumjua mwaminifu kwa kumtazama usoni, tunajidai kuona kile ambacho Petro na Yohana hawakukiona mezani.

Na yupo Samweli, ambaye moyo wake ulikuwa safi, na bado aliitisha ukaguzi wake mwenyewe. Akiwa mzee mwenye mvi alisimama mbele ya Israeli wote akasema: mimi hapa, nishuhudieni, nilitwaa ng'ombe wa nani? Nilitwaa punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nami nitawarudishia. Wakamjibu kwamba hakuwadhulumu wala kuwaonea. Watu hao walikuwa wamewaona wanawe wakipokea rushwa kule Beer-sheba, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuitilia shaka familia ile. Samweli hakudai aaminiwe kwa sababu ya miaka yake ya utumishi. Alijiweka hadharani akangoja jibu.

Wazee wetu waliolelewa enzi za TANU walikariri ahadi ya mwanachama: cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Ni maneno ya chama cha siasa, lakini Mkristo akiyasikia anamkumbuka Paulo aliyesema kinachohitajiwa katika mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu. Aonekane, yaani watu wapate kumwona. Uwakili ni kazi ya kushika cha mwingine, na mwenye nacho ana haki ya kuja wakati wowote.

Linalonishinda nguvu kuliko yote liko Waebrania sura ya 6. Mungu alimwahidi Ibrahimu. Mungu hawezi kusema uongo, kwa hiyo ahadi ilitosha, na Ibrahimu hakuwa na mahali pa juu zaidi pa kukata rufaa. Hata hivyo Mungu alitia kiapo, na kwa kuwa hakuna aliye mkuu kuliko yeye, aliapa kwa nafsi yake. Mwandishi anasema alifanya hivyo ili sisi tuliokimbilia kwake tupate faraja iliyo imara. Yaani kiapo hakikuwa na faida yoyote kwa Mungu. Alijifunga kwa ajili ya udhaifu wetu sisi, tunaohitaji kushika kitu mkononi. Kama yeye ambaye huruma zake ni mpya kila asubuhi, ambaye uaminifu wake ni mkuu, hakuona ni kujidhalilisha kuwapa wanadamu uthibitisho, mimi na wewe tunapata wapi ujasiri wa kukasirika tunapoombwa risiti?

Mtaa wetu umechagua mhazini mpya hivi karibuni, kijana fundi wa simu. Kwenye kikao chake cha kwanza aliomba usharika ufungue lipa namba kwa jina la usharika, apewe mtu wa umoja wa wanawake wa kuhesabu naye kila Jumapili, na hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Mzee mmoja alimwambia, "Kijana wangu, sisi tumekuchagua kwa sababu tunakuamini." Akajibu, "Shikamoo mzee, na nashukuru. Ndiyo maana naomba." Kikao kikapitisha. Karatasi ya mwezi wa kwanza ilipobandikwa, mzee yule yule aliisoma mstari kwa mstari akagundua trei moja ya mayai ya mnada imeandikwa mara mbili. Wakaikata kwa kalamu nyekundu, mhazini na mwenyekiti wakatia sahihi pembeni.